Bunduki ya rangi isiyotumia umeme: kujifunza kuachia triga, si kuivuta tu

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni fundi pikipiki hapa Tabora mjini, na kwa muda sasa tumekuwa na kikundi kidogo kinachocheza peintiboli, mchezo wa kupigana kwa vidonge laini vilivyojaa rangi, Jumamosi moja kila mwezi katika shamba la mwenzetu nje ya mji, mahali penye miembe ya zamani na kipande cha miombo ambacho hakijafyekwa. Bunduki zetu zote ni za kimakanika, maana yake hazina betri wala saketi ya umeme. Kila kinachotokea ndani yake kinafanywa na springi, gesi na kidole cha mchezaji. Kila anapokuja mtu mgeni tunamfundisha kujificha, kukimbia akiwa ameinama na kutovua kinyago, lakini linapofika suala la kifyatulio, ambacho wengi tunakiita triga, anaambiwa “vuta tu”. Naleta uzi huu kwa sababu naamini neno hilo “tu” limeharibu vidonge vingi kuliko mvua ya masika.

Nitaanza na langu. Katika mchezo wangu wa pili nilijibanza nyuma ya mwembe, nikamwona mpinzani akivuka uwazi umbali wa kama mita 20, nikavuta triga kwa kasi yote niliyokuwa nayo. Kidonge cha kwanza kilitoka. Mivuto miwili iliyofuata haikutoa kitu, triga ilikwenda na kurudi kama kanyagio la baiskeli iliyochomoka mnyororo. Nikazidisha kasi, kikasikika kishindo kizito tofauti na cha kawaida, na rangi ya njano ikachuruzika kutoka mdomoni mwa mtutu hadi kwenye vidole vyangu. Kidonge kilikuwa kimesagika ndani ya chemba, yaani nafasi kinapokaa kabla ya kupigwa. Kuanzia hapo kila nilichopiga kilipinda, kwa sababu mtutu wenye utelezi wa rangi hauwezi kupeleka kidonge moja kwa moja. Nililaumu vidonge, kisha nikailaumu hopa, chombo cha juu kinachoshusha vidonge ndani ya bunduki. Wiki nzima sikukifikiria kidole changu hata mara moja.

Siku niliyoifungua ndipo nilipoelewa. Nilitoa hopa na kuhakikisha hakuna kidonge kilichobaki ndani, nikaondoa mtungi wa gesi, nikafyatua kuelekea ardhini mpaka hewa iliyosalia ikaisha, ndipo nikailaza mezani na kufungua skrubu. Yangu ni Tippmann 98, ambayo mwili wake umegawanyika katika vipande viwili vya ubavuni, hivyo ukiinua upande mmoja unaona karibu kila kitu kikiwa mahali pake. Kuna nyundo, kipande kizito cha chuma chenye springi kubwa nyuma yake. Kuna ndoano ndogo inayoizuia nyundo hiyo isiruke mbele. Ukivuta triga, ndoano inashuka, nyundo inaachiwa, inakwenda kugonga pini ya vali, na vali inafunguka kwa muda mfupi sana. Gesi inayotoka inagawanyika: sehemu moja inasukuma kidonge mtutuni, na sehemu nyingine inairudisha nyundo nyuma ili inaswe tena na ndoano ikiwa tayari kwa mpigo unaofuata.

Sasa hapa ndipo penye jambo lenyewe. Kama ndoano ingebaki imekandamizwa na triga wakati kidole chako bado kimevuta, nyundo ingerudi, ikakosa cha kuinasa, ikaenda mbele tena, na bunduki ingepiga mfululizo bila kukuuliza. Watengenezaji wamelizuia hilo kwa namna ambayo kama fundi niliipenda sana: tundu la mhimili wa ndoano si la duara, ni refu kidogo, hivyo mara nyundo inapoachiwa, ndoano inateleza kutoka kwenye ulimi wa triga na kuinuka yenyewe kuisubiri nyundo. Nyundo inarudi, inanaswa. Lakini kuanzia wakati huo triga na ndoano hazishikani tena. Zitashikana pale tu utakapoiachia triga irudi mbele hadi mwisho wake, ulimi upite chini ya ndoano na kukaa mahali pake. Ukiirudisha nusu na kuvuta tena, unavuta chuma kisichoshika kitu. Ile mivuto yangu miwili iliyokufa chini ya mwembe ilikuwa hiyo.

Wanaoendesha pikipiki watanielewa haraka. Klachi isiyoachiwa kikamilifu haishiki sawasawa, na huwezi kumlaumu mtengeneza gia kwa hilo. Triga ya kimakanika ina safari mbili, ya kwenda na ya kurudi, na ya kurudi ndiyo inayoandaa mpigo. Ukikitegea kidole vizuri utausikia mguso mdogo, “tik”, wakati ulimi unapokaa chini ya ndoano. Mguso huo ndio unaopaswa kujifunza kuusubiri. Mimi niliujua kwanza kwa sikio, usiku, chumbani, kabla kidole hakijaujua.

Namna ninavyowafundisha wageni sasa ni hii. Bila gesi, bila vidonge, soksi ya mtutu (kifuniko cha kitambaa cha kuzuia kidonge kisitoke) ikiwa imevalishwa, mtu anasimama mita tatu kutoka ukutani na kuelekeza ncha ya mtutu kwenye msumari uliopigiliwa ukutani. Anaitega bunduki kwa mkono, anavuta triga polepole mpaka nyundo iachiwe, huku akiitazama ncha. Karibu kila mtu anaona kwamba ncha imesogea kabla nyundo haijaenda. Sababu ni kwamba anakamua mkono mzima, kama anayekamua ng'ombe, badala ya kukitumia kidole kimoja huku vingine vikibaki vimeshika bila kubadilika. Baada ya hapo namwambia asikiondoe kidole, akishike nyuma hapo hapo ahesabu moja, kisha akiachie polepole mpaka asikie “tik”, bila kukitoa kwenye triga. Anaitega tena. Mara 30 kwa jioni moja zinatosha. Zaidi ya hapo mkono unachoka na kuanza kujifunza uvivu.

Muuguzi mmoja katika kikundi chetu, dada mtulivu ambaye kazini kwake amezoea kusukuma bomba la sindano taratibu, aliipata mbinu hii katika jioni ya kwanza. Nilisimama pembeni nikimtazama kidole: sehemu ya mbele ya kidole, ile yenye nyama, ilikaa katikati ya triga, haikupanda wala kushuka, na kucha yake ilibadilika rangi kidogo tu wakati wa kuvuta kisha ikarejea. Kijana aliyekuwa naye, mwenye mikono yenye nguvu kuliko sisi sote, alihitaji majuma matatu, kwa sababu alikuwa akikitoa kidole kabisa kila anapoachia na kukirudisha kwa kupiga, hivyo kila mpigo ulianza na kofi.

Ukishazoea ndipo unaweka gesi na vidonge na kupiga kwa mwendo: vuta, “tik”, vuta, “tik”. Usianze na kasi. Anza na mpigo mmoja kwa sekunde kwenye chupa ya maji iliyoning'inizwa mita 15 mbele yako, ukifika kumi mfululizo bila mvuto uliokufa ongeza kidogo. Kasi itakuja yenyewe, na ina kikomo chake, ambacho si kidole. Hopa ya kawaida isiyo na injini inashusha vidonge kwa uzito wake peke yake, vidonge sita mpaka vinane kwa sekunde hali ikiwa nzuri, na mara nyingine vinakwama mdomoni mwake kama mahindi kwenye hopa ya mashine ya kusaga, mpaka uitikise. Ukivuta haraka kuliko inavyoshusha, komeo, kile kipande kinachosukuma kidonge na kuifunga chemba, litakuta kidonge kimeingia nusu chembani na kukikata. Kwa hiyo hata mwenye kidole chepesi kuliko upepo hapati faida yoyote kwa kuipita hopa yake.

Kwa wale wenye triga ndefu ya vidole viwili, ile mbinu ya kupokezana cha shahada na cha kati, kama mtu anayetembeza vidole mezani, inawezekana pia kwenye bunduki ya kimakanika, lakini inahitaji kila kidole kinyanyuke kiasi cha kuiruhusu triga irudi mbele hadi mwisho kabla kingine hakijashuka. Bunduki za umeme zina triga yenye safari fupi mno na inatosha kuigusa. Anayetoka huko na kuja kwenye ya springi huleta kidole kisichorudi. Binafsi naona anayeanza abaki na kidole kimoja kwa miezi kadhaa.

Kwa anayetaka kujua tulikotoka: bunduki ya kwanza iliyotumika katika mchezo huu, Nelspot 007, ilitengenezwa kwa ajili ya watu wa misitu na wafugaji huko Marekani ili kuweka alama za rangi kwenye miti na ng'ombe. Ilikuwa inategwa kwa mkono kila baada ya mpigo. Mchezo wa kwanza ulichezwa tarehe 27 Juni 1981 huko Henniker, New Hampshire, na watu 12 waliokuwa wakitafuta bendera msituni, na aliyeshinda, Ritchie White, bwana misitu, alikusanya bendera zake bila kufyatua hata mara moja. Hapa kwetu, ambako nusu ya ndugu zangu wamekulia kwenye mizinga ya nyuki na mipaka ya hifadhi za misitu, habari hiyo naipenda kupita kiasi.

Mengine ya usalama nayasema kwa ufupi kwa sababu hayana mjadala. Kidole kinakaa nje ya triga mpaka unapotaka kupiga. Kinyago hakivuliwi uwanjani hata kama ukungu umejaa kwenye kioo. Mwendo wa kidonge upimwe kwa kronografu, kifaa cha kupima kasi yake, na usizidi futi 300 kwa sekunde, yaani mita 91 hivi. Na kwa kuwa kwa mbali kifaa hiki kinafanana na silaha, nendeni polisi mkapate maelekezo kabla ya kukinunua au kukisafirisha, na msikipakie kwenye bodaboda kikiwa wazi.

Karibuni kwa maswali.

Mchangiaji, Kigoma

Ndugu mleta uzi, hongera kwa maelezo. Mimi niko Ujiji, na tuna bunduki mbili aina ya Autococker ambazo zililetwa na rafiki yetu. Nimeifuata kanuni yako ya kuachia mpaka mwisho, lakini bado inasaga vidonge, tena hata ninapopiga polepole. Je, tatizo ni hopa au ni mimi?

Mleta uzi

Ndugu yangu wa Ujiji, asante kwa swali hili, kwa sababu linanilazimisha kusahihisha nilichoacha wazi. Maelezo yangu ya ndoano yanahusu aina inayojirudisha kwa mlipuko wa gesi yake yenyewe. Autococker haifanyi hivyo. Kwenye hiyo, mwanzo wa mvuto unaiachia nyundo na kidonge kinatoka. Ukiendelea kuvuta, triga hiyo hiyo inasukuma vali ndogo ya njia tatu iliyoko mbele, vali inageuza hewa, pistoni inalirudisha komeo nyuma na kuitega nyundo, na kidonge kipya kinadondoka chembani. Ukiachia, vali inageuka tena na komeo linafunga.

Kwa hiyo kwako wewe safari zote mbili zina kazi nzima. Ninachokishuku ni kwamba unasikia mshindo, unadhani mvuto umekamilika, unaachia. Hapo komeo limerudi nusu, kidonge kimeanza kushuka, nalo linakirudia na kukikata. Fanya hivi: toa hopa, weka hewa, vuta triga mpaka mwisho kabisa na uishikilie. Tazama komeo. Linapaswa kubaki wazi, limetulia, mpaka utakapoachia. Ukishajua kwa macho mwisho wa mvuto uko wapi, kidole kitaufuata. Kama umeishikilia mpaka mwisho na komeo halifiki nyuma, basi mpangilio wa vali umepotea na si wewe.

Mchangiaji, Nzega

Shikamoo kaka. Mimi ni mwalimu wa msingi na mikono yangu ni midogo. Kwenye bunduki tuliyoazima, kidole changu kinaifikia triga kwa ncha tu, na ninapovuta bunduki inageuka. Nimeambiwa nikate springi ya triga iwe nyepesi. Je, unashauri hivyo?

Mleta uzi

Marahaba mdogo wangu. Tafadhali usikate. Springi ya triga ndiyo inayokirudishia kidole chako ile safari niliyoisifu hapo juu. Ukiidhoofisha, triga itakuwa nyepesi kuvuta na mvivu kurudi, na utaongeza mivuto iliyokufa. Lililo baya zaidi ni mtu anayeendelea mbele na kulisugua jino la ndoano kwa tupa ili triga iwe fupi. Nimeletewa moja iliyofanyiwa hivyo. Nilipoiweka mezani kwa kishindo kidogo tu, nyundo iliruka yenyewe bila kidole cha mtu kuigusa.

Kwako tatizo ni mshiko. Badala ya kukinyoosha kidole, uzungushe mkono wako wote kidogo upande wa kidole mpaka sehemu yenye nyama iifikie triga, hata kama kiganja hakitajaa nyuma ya mpini. Kisha uzito wa bunduki ubebe kwa mkono wa mbele na bega. Mkono wa triga ukiacha kubeba, kidole kinakuwa huru kufanya kazi yake peke yake. Jaribu jioni mbili ukutani, kisha uniambie ncha inasogeaje.

Mchangiaji, Tabora

Mkuu, yangu wiki iliyopita ilipiga vidonge vitano kwa mvuto mmoja na nikaogopa. Wenzangu walisema nimejifunza kuvuta haraka. Ilikuwa karibu na mwisho wa mtungi. Na je, nikiupeleka mtungi kwenye kompresa ya matairi utajaa?

Mleta uzi

Hukujifunza kitu hapo ndugu yangu, gesi ilikuwa imekwisha nguvu. Nyundo ilirudi nyuma kidogo tu, haikuifikia ndoano, springi ikaitupa mbele tena, na mzunguko ukajirudia. Ikitokea, elekeza mtutu ardhini, ondoa kidole, ivute nyundo nyuma kwa mkono wake wa kutegea mpaka inaswe, weka kufuli ya triga, kisha utoke uwanjani kubadilisha mtungi. Ikifanya hivyo hata mtungi ukiwa umejaa, ifungue utazame jino la ndoano. Likiwa limelika na kuwa la mviringo, badilisha.

Kuhusu kompresa ya matairi, haiwezi. Inatoa kama baa 8 mpaka 10, wakati mitungi hii ya hewa inajazwa baa 200 na mingine baa 300. Na nasisitiza kwa herufi zote: usimkubalie fundi wa kuchomelea akujazie oksijeni. Oksijeni ya shinikizo kubwa ikikutana na mafuta yaliyomo ndani ya bunduki inaweza kulipuka.

Mchangiaji, Kigoma

Ndugu, nimerudi. Kuhusu hewa, sisi huku tunajaziwa na wazamiaji wanaokamata samaki wa mapambo ziwani, kwa sababu kompresa zao za mitungi ya kuzamia zinafika baa 200. Lakini nimekuja kusema kuhusu triga. Niliishikilia kama ulivyoelekeza, komeo likabaki wazi. Nikagundua kwamba baada ya mshindo bado kulikuwa na safari karibu upana wa punje ya mchele ambayo sikuwahi kuimaliza. Jana nimepiga vidonge 60 na hakuna hata kimoja kilichosagika, ila kila nikiongeza kasi kidole kinarudia tabia yake ya zamani.

Mleta uzi

Nimefurahi sana, ndugu yangu. Kidole kinarudia kwa sababu bado kinasikiliza mshindo. Mshindo ni sauti kubwa na inamdanganya kila mtu kwamba kazi imekwisha. Rudi kwenye hewa bila vidonge, ziba masikio kwa pamba, na upige ukiufuata mguso wa kidole peke yake: mwisho wa nyuma, mwisho wa mbele. Fanya mara 50, kisha toa pamba na uweke vidonge kumi tu kwenye hopa. Ukisaga hata kimoja kati ya hivyo kumi, rudi kwenye pamba. Sisi tunacheza Jumamosi ijayo. Nitampa yule kijana mwenye kofi zoezi hilo hilo, na Jumapili nitaandika hapa amesaga vingapi.